Karani wa Ruzuku ya Ufuta

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanzu mpya na koti la kuazima, nikatembea kutoka Temeke mpaka bomani. Karani Mkuu, mzee asiyecheka, alinikabidhi daftari. "Utashika malipo ya ufuta," akasema. "Mkulima asiye na hati hana chake. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

Enzi hizo za Mwingereza, baada ya vita, mafuta yalikuwa adimu. Serikali ikawapa wakulima wa ufuta ruzuku, yaani nyongeza juu ya bei ya sokoni. Mpimaji alipima gunia, akaandika hati yenye jina na uzito. Sie makarani tukailipia hati ile. Asiyejua kuandika alibonyeza dole gumba daftarini. Tulizunguka kwa lori, leo Gongo la Mboto, kesho kutwa Chanika, meza zikiwekwa barazani kwa jumbe.

Mwaka wangu wa tatu akaletwa Yohana, karani mwenzangu kutoka bara. Mwandiko wake ulikuwa kama wa kupigwa chapa. Msimu haukuisha kabla hajajua majina ya wakulima, ya watoto wao, hata nani anaumwa mgongo. Foleni yake ilizunguka nyumba. Kwangu walikuja wenye haraka tu. Siku moja Bwana Shamba, Mzungu aliyetuongoza safarini, akampiga bega mbele yangu. "Huyu ndiye atakayekuwa karani mwandamizi," akasema. Cheo hicho nilikuwa nakingoja mie.

Kisha Chanika akaja mjane, Bi Mwanaidi, na hati yenye jina la mumewe, aliyefariki baada ya kupimiwa ufuta. Kanuni ilitaka kwanza alete barua ya mirathi, na barua hiyo ilichukua miezi. Yohana akamtazama, akamwambia, "Bonyeza hapa, mama." Dole la mjane likakaa kwenye mstari wa marehemu.

Niliona. Siku mbili nilijiambia kanuni ni kanuni. Ya tatu nikaenda kwa Karani Mkuu.

"Ulijua mwenye hati amekufa?" Karani Mkuu alimuuliza.

"Nilijua, bwana," Yohana akajibu. "Na nilijua mkewe ndiye aliyeupalilia ufuta wenyewe."

Akaachishwa kazi siku hiyohiyo. Cheo nikapewa mie.

Wakulima wa Chanika wakampa Yohana kipande cha shamba. Msimu uliofuata nikamwona kwenye foleni yangu, ameshika hati yake mwenyewe.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri," nikasema, macho daftarini.

"Najua ni wewe uliyesema. Basi, yameisha. Nilipie, watu wanangoja."

Laiti angenitukana! Nilimlipa, naye akaondoka akiitwa huku na huku: njoo ukae, njoo unywe uji.

Nilistaafu bila doa kwenye faili langu. Nyie mnaoanza kazi mtasifiwa kwa hilo, na ni jambo jema. Lakini katika wote niliowalipa, hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha hodi kwangu kunijulia hali.

Yohana alipofariki nilikwenda Chanika kuzika. Watu walijaa mpaka barabarani, Waislamu kwa Wakristo, wanaume wakigombea kubeba jeneza. Nilijaribu kusogea nilishike, nikakosa nafasi. Nikabaki nyuma, mzee mzima, nikimwonea wivu marehemu.