Bwawa Lisilo Letu

Mimi niliacha shule form two, lakini kwa kupiga picha nina digrii. Mtu yeyote aliyefanya kazi ya ulinzi West Bay, hapa Doha, anajua: huwezi kusimama masaa kumi na mawili karibu na magari ya watu bila siku moja kuegemea moja, ukunje mikono, upigwe picha, utume nyumbani. Kijijini kwetu wako wanaoamini nina magari matatu. Ukiangalia vizuri, magari ni tofauti, viatu ni vile vile.

Basi ilipofika kutengeneza albamu ya mtoto, kazi nikaidaka mimi.

Tulikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mke wangu ni nesi, na ndiye aliyenileta Doha kwa visa yake, kwa hiyo hata huku mimi ni mzigo wa mtu. Tuliomba kuasili mtoto Kenya, tukahojiwa mpaka tukachoka, mwishowe tukaambiwa kuna msichana wa miaka sita. Kabla hatujasafiri kumchukua, kituo anachoishi kikatuomba albamu ndogo: sura zetu, nyumba yetu, mahali atakapolala. Azoee kabla hajatuona.

Nyumba yetu ni chumba kimoja na jiko, Al Rayyan, ndani ya villa iliyokatwakatwa vipande. Dirisha linatazama AC ya jirani. Nikajiuliza, mtoto ataona nini hapo? Nikapiga picha bwawa la kuogelea la jengo ninalolinda, mimi pembeni na shati la kuazima. Nikapiga ukumbi wa mapokezi na taa zake. Nikapiga Land Cruiser nyeupe. Chini ya kila picha nikaandika: Kwetu.

"Kwetu wapi?" mke wangu akauliza.

"Ni ya kumchangamsha tu. Akifika atakuwa ameshatuzoea."

"Wewe bwana, huyo ni mtoto, si mabeshte zako wa kijijini."

Nikamwambia yeye anajua sindano, mambo ya sanaa aniachie. Alikuwa anachelewa zamu, akatoka. Nikatuma.

Wiki mbili kabla ya safari, likizo kazini nimepata, sanduku liko wazi sakafuni limejaa vigauni, wakatupigia video. Afisa wa ustawi wa watoto, mlezi wa kituo, na mtoto katikati amejikunyata. Nikaanza vichekesho vyangu. Nikavaa kofia ya kazi mbele nyuma. Hakucheka.

"Baba," mlezi akasema, "kuna shida. Huyu anaogopa maji sana. Tangu aone hilo bwawa lenu anasema haji. Hata kuoga siku hizi ni vita. Anasema mtamtumbukiza."

Mke wangu hakunitazama. Heri angenitazama, ningejua pa kuanzia.

"Mnaweza kuliwekea uzio?" afisa akauliza, kalamu mkononi. "Hebu tuonyesheni hapo nje."

Wallahi, kichwani nilishaanza kujenga uzio. Nilikuwa nimefika kwenye lango.

"Madam, hakuna bwawa."

"Mmehama?"

"Hapana. Ni la jengo ninalolinda."

"Najua wewe ni mlinzi, iko kwenye faili. Nilidhani wanawapa nyumba humo."

"Hawatupi."

Mtoto akainua uso kwa mara ya kwanza. "Na gari?"

"Si letu."

"Na ile nyumba ya taa?"

"Pia si yetu."

"Sasa mbona uliandika kwetu?"

Nilitafuta mzaha. Mimi, mtu niliyewahi kuchekesha watu mpaka matangani, sikupata hata mmoja. Nikasema, "Niliogopa ukiona kwetu hutatutaka."

Afisa aliandika muda mrefu. Kisha akasema picha za kweli zifike kesho yake, mtoto aziangalie mwenyewe. Akikataa, hatusafiri.

Mara hii mke wangu ndiye aliyepiga picha. Alinikalisha kitandani na sare yangu. "Usitabasamu hivyo, unaonekana unauza kitu." Akapiga kitanda kidogo tulichokibana kati ya kabati na ukuta, akapiga jiko, akapiga hata AC ya jirani. Maneno ya chini akaandika yeye. Mimi sikuombwa.

Tulikaa siku mbili bila jibu. Vigauni tuliviacha vilivyo sandukuni. Hakuna aliyetaka kuvigusa. Siku ya tatu, tukinywa chai, mlezi akatuma ujumbe: "Ameangalia zote. Ameuliza, huyu wa sare ndiye yule aliyedanganya? Nimjibu nini?"

Nikaandika: Ndiye.

Kisha: "Amesema mje. Lakini mama ndiye atamshika mkono. Wewe ubebe begi."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilikuwa bado nasoma lile swali la aliyedanganya.