Kinanda Kisichosubiri

Wilbroad alizaliwa Tura, ambako mtoto hujifunza kusubiri treni kabla hajajua kutembea, lakini kusubiri hakukumkaa hata siku moja. Labda ndiyo maana akaishia kwenye kazi ya kunyoosha muda wa watu wengine. Studio yake ni chumba kimoja Tabora mjini, kuta zimeegemezwa magodoro, na nje ya mlango, kwa mujibu wa watu ambao hawakuwepo, ndipo ilipopita njia ya misafara ya kwenda pwani. Siku hizi zinapita bodaboda, na magodoro hayajawahi kuzizuia.

Alikuja mjini na gitaa, akikusudia kuwa mwanamuziki. Gitaa liko juu ya kabati. Wateja wake ni kwaya, na kazi yake ni kusafisha. Mtu anapiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Kompyuta haichukui sauti, inaandika tu kitufe gani kimebonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Maandishi hayo huitwa midi, na kwenye kioo yanaonekana kama vijiti vilivyolazwa juu ya mistari. Kijiti kilichochelewa unakivuta. Kilichowahi unakirudisha. Kidole kikigusa pasipotakiwa unafuta, na hakuna atakayejua isipokuwa Mungu na Wilbroad.

Ukiifanya kazi hiyo miaka mingi, inaingia sikioni na haitoki. Mkewe Dafrosa alikuwa na tabia ya kuimba akichambua mchele. Wilbroad alikuwa akimgongea mezani mapigo sahihi, kwa nia njema kabisa. Sasa Dafrosa anachambua mchele kimya, na Wilbroad huwaambia watu kwamba nyumba yake ina utulivu.

Tabia yake nyingine aliletewa na umeme. Kwaya moja ilitoka Igunga kwa basi, ikarekodi kutwa nzima, umeme ukakatika kabla hajahifadhi kitu. Wale akina mama hawakumtukana. Walikaa mlangoni wakimwangalia tu, na walikuwa wengi. Tangu hapo, kila akigusa jambo kwenye kompyuta, kidole chake kinabonyeza kuhifadhi bila kumwuliza mwenye kidole. Na kipya kikihifadhiwa, cha zamani ndiyo basi tena.

Kwa hiyo Justus, mwenyekiti wa kwaya moja ya Igalula, alipomletea Mwalimu Zablon, mambo yote yalikuwa tayari. Zablon alipiga kinanda cha kanisa tangu ujana wake. Justus alitaka nyimbo zote ziingie kwenye flashi, maana umri wa mzee unakwenda na kanisa halina mpigaji mwingine. Aliyasema hayo mbele ya mzee, na mzee akaafiki kama vile anasemwa jirani. Akapiga. Justus akasisitiza kazi isafishwe vizuri.

Katika kusafisha, Wilbroad aligundua kwamba mzee anachelewa. Si ovyo: kila mwisho wa mstari wa wimbo kinanda kinasita kidogo, kama mtu aliyeshika mlango mwenzake apite. Wilbroad akaona ni uzee. Akavichagua vijiti vyote, akabonyeza kile kitufe kinachoifunga kila noti kwenye mstari wake, akasawazisha na nguvu za vidole, akahifadhi. Wimbo baada ya wimbo. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na huo si utani.

Kabla flashi haijachukuliwa, kiharusi kikampiga Zablon upande wa kulia.

Alikuja kuifuata mwenyewe, na Justus, mkono wa kulia ameulaza mapajani kama mzigo alioombwa kumshikia mtu. Wilbroad akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba kwa nusu ya mdomo, akaomba asikie. Wimbo wa kwanza ulipopigwa Justus aliona raha, akasema hiki sasa ndicho kinanda. Zablon alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mwalimu."

"Mimi huwa nasubiri."

Wilbroad akaeleza, kwa upole wa daktari, kwamba palikuwa na ucheleweshaji mdogo mwisho wa mistari, ameshaurekebisha.

"Mke wangu Recheli ana pumu," mzee akasema. "Anakaa benchi la nyuma. Akifika mwisho wa mstari pumzi imekwisha, namsubiri avute nyingine. Toka tunaoana, bwana."

"Sasa mwalimu, mbona hukusema?" Justus akauliza.

"Ungekaa nyuma ungesikia."

Mzee aliomba kitu kimoja tu, arudishiwe alivyopiga mwanzo. Wilbroad akafungua faili moja, jingine, jingine. Kidole kilikuwa kimepita kote. Akaomba muda, kama wanavyoomba wasio nao.

Programu ile ina kitufe kingine, cha kutia makosa. Waliokitengeneza waliona usafi umezidi, wakaanza kuuza uchafu. Wilbroad akakibonyeza, vijiti vikatawanyika huku na huko, akampigia mzee simu amsikilizishe.

"Huyu amelewa," Zablon akasema, akamshukuru kwa kujisumbua.

Basi Wilbroad akaamua kuzirudisha zile subira mwenyewe, kwa mkono, kijiti kwa kijiti. Akamwuliza mzee huwa anasubiri kiasi gani. Zablon akasema inategemea. Kuna vumbi, kuna baridi, kuna siku Recheli hakulala. Yeye hakuwahi kujua ni kiasi gani. Mkono ndio uliokuwa unajua.

Baada ya wiki kadhaa Wilbroad alipanda treni Jumapili kwenda Igalula, bila kualikwa, akaketi nyuma. Justus alichomeka ile flashi aliyoondoka nayo studio. Kinanda kikaanza, safi, na watu wote wakaanza nacho. Mbele yake mama mmoja mfupi aliyejitanda kitenge aliimba kila mstari akaacha neno lake la mwisho. Hapo alifumba mdomo, mabega yakapanda yakashuka, na mstari uliofuata akauwahi. Sikio la Wilbroad lilitafuta kosa, kwa mazoea. Halikupata.

"Umeona, fundi?" Justus alimwambia mlangoni. "Hata kina mama wa nyuma wamenyooka."

Wilbroad alikuwa ameona. Alikuwa amemwona pia Zablon kwenye benchi la mbele, akiufuata wimbo kwa mkono wa kushoto juu ya goti. Kila mwisho wa mstari mkono ule ulinyanyuka, ukasubiri, na uliposhuka wimbo ulikuwa umeshaondoka.