Bi Verlene Aliwapata Warithi, Wakili Akaapa Hawaonekani

Saa mbili asubuhi, masjala ya ardhi ya Kaunti ya Tolliver, South Carolina, inafunguliwa, na Bi Verlene Chisolm anaingia wa kwanza. Anavuta daftari kubwa la hati na kulibwaga mezani kwa kishindo.

"Taratibu, Bi Verlene, hilo daftari limekuzidi umri," karani anamtania.

"Na uongo wa humu ndani umelizidi daftari," anajibu bila kucheka.

Kazi yake ni kutafuta: nani alimuuzia nani shamba, nani alifariki, watoto wake wako wapi. Jina likipotea kwenye madaftari, huenda makanisani kuomba vijitabu vya mazishi, maana humo familia hutaja kila mtoto na mji anaoishi. Mawakili humlipa dola mia na hamsini kwa upekuzi mmoja, na fedha hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe.

Mwaka huu wakili wa kampuni moja ya viwanja vya gofu alimtuma atafute warithi wa marehemu Prince Middleton, aliyeacha shamba kando ya mto bila wosia. Bi Verlene aliwapata wote. Aliandika majina, anwani na namba za simu, akakabidhi kazi.

Mwezi uliopita, akipitia majalada ya mahakama, alikutana na kiapo cha wakili huyohuyo. Kilisema kampuni imenunua fungu la mjukuu mmoja anayeishi Philadelphia, warithi wengine wametafutwa kila mahali hawakuonekana, kwa hiyo shamba lote lipigwe mnada. Huku shamba lisilo na wosia huwa la warithi wote kwa pamoja, na mwenye fungu lolote, hata dogo, anaweza kuomba liuzwe lote.

"Nilikisoma mara mbili kwa hasira," anasema. "Hawakuonekana vipi? Majina yao nilimtilia mkononi! Mzee Hezekiah anakaa palepale shambani, ukipita barabarani unamwona kibarazani!"

Hezekiah Middleton, mtoto wa marehemu, ndiye anayelima bamia hapo. Kila Januari hulipa kodi ya ardhi kwa jina la baba yake, kama wafanyavyo wengi huku, akiamini risiti inatosha. Wosia hawaandiki, wanaona ni kujiitia kifo. Kosa hilo ndilo wanaloliwinda wenye fedha, na inatia uchungu kuona sheria inawapa mbwa wa kuwindia.

"Nimezaliwa hapa, nimemzika mke wangu hapa," anasema Mzee Hezekiah, sauti ikipanda. "Leo naambiwa sionekani. Mbona mkusanya kodi ananiona?"

Tangu Bi Verlene atangaze kwamba atatoa ushahidi, hakuna wakili aliyempa kazi. Mmoja alimpigia simu kumwonya.

"Verlene, dada yangu, utakula nini?"

"Nitakula bamia za Hezekiah," akamjibu, akakata simu.

Jaji atasikiliza shauri hilo Jumatatu. Akiamini kiapo, shamba litanadiwa kwenye ngazi za mahakama, na Mzee Hezekiah atahama. Kwa hiyo Bi Verlene amewapigia warithi mmoja mmoja, na wanakuja, wa Savannah kwa basi, wa Baltimore kwa gari la kuchangiana mafuta.

"Nitawakalisha benchi la nyuma ya yule wakili, wamejaa pomoni," anasema. "Halafu aape tena kwamba hawaonekani, huku wanamhemea kisogoni."