Aliyenifundisha Kutupa Uwanja wa Nyahanga

Usinicheke mpaka nimalize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, Nyahanga, pale Kahama, miaka ya sabini, na aliyenituma ni Masanja, kapteni wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Namtaja, akitaka akanishtaki.

Nilikuwa kibarua wa kiwanda cha pamba. Meneja alisema nikitupa vizuri kwenye mechi ya Jumamosi ananiajiri. Kukimbia najua, kuruka najua, lakini mitupo huru, ile unayosimama mstarini peke yako wala hakuna anayekuzuia, ilinitia aibu. Masanja alikuwa hakosi, na kiganja chake siku zote kimefungwa kitambaa. Eti kiliteguka.

"Bwana mdogo," akaniambia, "nenda uwanjani saa saba mchana. Usiende na mtu."

Nikaenda. Natupa, nakosa. Mara nasikia nyuma yangu, "Mwadila!" Mtu mrefu, kaptula nyeupe, miguu mitupu juu ya saruji inayochoma. Nikaitikia salamu. Akauliza, "Ng'wa nani?" Sasa wewe, Msukuma akikuuliza u wa ukoo gani, utanyamaza? Nikamtajia mpaka babu. Nikamuuliza wa kwake. Akachukua mpira, akaudundisha. Niamini ndugu yangu, ulidunda bila sauti!

"Kunja magoti. Kiwiko chini ya mpira. Ukiachia, kiganja kiiname kama unachovya ugali."

Natupa, ndani! Tena, ndani! Nikapiga kelele kama kichaa. Kugeuka nimshukuru, hayupo, na uwanja ule uko wazi pande zote. Angejificha wapi?

Jumamosi sasa! Watu wamepanda juu ya marobota ya pamba wanaliita jina langu. Sikukosa hata mtupo mmoja. Wa mwisho ulipoingia tukashinda, nikashusha mkono. Kiganja kikabaki kimeinama, kigumu kama kwato.

Masanja akaja, akafungua kitambaa chake, akanyoosha vidole kimoja kimoja huku machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Ulimtajia ukoo, eh? Asante, bwana mdogo. Mimi nilishamchoka."

Meneja akautazama mkono wangu. "Huyu atabebaje robota?" Kazi ikaishia hapo. Hospitali nimekwenda, waganga nimekwenda, kiganja ndicho hiki, hata jembe hakishiki.

Masanja yuko Shinyanga mjini, ananenepa, anafundisha vijana wenu kikapu. Mtu akikutuma mahali uende peke yako, muulize kwanza kwa nini msifuatane. Akianza kucheka, rudi nyumbani.