Lenzi Ndefu ya Milimita

Fundi madirisha mmoja alikuwa na jina la utani alilolipenda kuliko jina lake halisi: Milimita. Ukimwita akupimie dirisha, atapima juu, atapima kati, atapima chini, kisha atarudia tena kana kwamba ukuta umehama alipogeuka kuandika. Wateja walimnung'unikia kwa kuwachelewesha, lakini dirisha lake halikuwahi kuingiza tone la mvua. Mtu wa namna hiyo ungetegemea anunue kamera kwa akili. Basi sikiliza alivyonunua.

Milimita alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minne na dada kumi na tano. Dada akaacha shule, akambeba mgongoni, na wanaume waliokuja kuposa wakaondoka mmoja mmoja waliposikia kwamba mtoto naye yumo katika posa. Mama hakuacha hata picha moja. Milimita hakuukumbuka uso wake, na kila alipouliza, dada alimwelezea: pua ilikuwa hivi, meno yalikuwa vile. Miaka ikaenda, na dada naye akaanza kusahau. Leo pua ilikuwa pana, mwakani ikawa nyembamba. Milimita alinyamaza asimuumbue, lakini jambo hilo lilimtafuna.

Sasa dada alikuwa amelala katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Milimita, mapafu yamekwisha. Hospitali walikuwa wamewaambia wampeleke nyumbani akapumzike, na kila mtu alielewa ni mapumziko gani. Mdomo wake tu ndio ulikuwa haujaugua.

"Wewe, sikiliza," alimwambia asubuhi moja. "Picha yangu ni moja tu, ya kitambulisho. Nimetoka kama mwizi wa kuku aliyekamatwa na kuku mkononi. Nisije nikaondoka mkaitundika ile. Nipige moja nacheka."

"Unaondoka kwenda wapi? Acha maneno ya uchuro, Dada."

"Haya, siendi popote. Lakini nipige."

Milimita alijaribu kwa simu. Chumba kile kina dirisha dogo na giza lake ni la mchana kutwa, picha zikatoka kama zimepigwa ndani ya gunia. Tena alikwishaona kwa jirani picha ya simu iliyokuzwa ikatundikwa ukutani, uso umekatikakatika hata marehemu mwenyewe angeuliza ni nani yule. Hapana. Uso wa mama ulikuwa umepotea, na huu wa dada hautapotea. Angenunua kamera ya kweli, ile kubwa ya dijitali inayobadilishwa lenzi.

Dukani alimkuta binti mmoja mtaratibu, aliyeijua kazi yake. Akamwonyesha kamera, akamweleza kwamba mwili wa kamera si kitu, macho yake ni lenzi, na lenzi huchaguliwa kwa kile unachotaka kupiga. Akaweka mbili mezani. Moja fupi, nene kama kikombe cha kahawa. Nyingine ndefu kama chupa ya maji, nyeusi, imejaa namba.

"Wewe unataka kupiga nini, mzee?"

Swali jepesi. Jibu lake lilikuwa maneno manne: dada yangu yuko mahututi. Lakini Milimita hakutaka kuyatamka. Kulisema jambo kama lile kwa sauti, mbele ya mtu asiyemjua, mchana kweupe, aliona ni sawa na kuliita lije. Watu wazima wengi ndivyo tulivyo, msimcheke. Akafunika kombe.

"Mpira," alisema. "Na sherehe za nje nje."

"Basi chukua hii ndefu. Inavuta mtu aliye mbali mpaka unahesabu kope zake. Hii fupi ingekuwa ya ndani, kama unapiga uso wa mtu, karibu, chumba hakina mwanga."

Milimita alilisikia kila neno. Uso wa mtu, karibu, chumba hakina mwanga. Aliitazama ile fupi kama mtu anayeitwa jina lake asiitike. Lakini alikwisha sema mpira, na kugeuza kauli kungeleta swali la pili, na la tatu, hadi ukweli utoke. Akajifariji: inayoweza kuvuta cha mbali itashindwaje na cha karibu? Binti akaongeza kwamba ile ndefu haitaki mtu awe karibu nayo sana, na yule bwana aliyepima kila kitu maishani hakuuliza ni umbali gani. Alilipa, akaondoka na chupa yake ya maji.

Nyumbani alimwinua dada kwenye mito miwili, akamfunga kitambaa kizuri, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kutoka ukutani hadi usoni kwa dada ilikuwa mita moja kasoro. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikanguruma, ikakataa. Ndani ya kijidirisha cha kamera aliona ukungu wa rangi ya kahawia tu. Akajaribu kusimama ukumbini na kupiga kupitia mlangoni. Huko lenzi ilikubali, lakini giza likamshinda, kila picha ikatoka imetikisika, dada ana macho manne.

"Sasa?" dada aliuliza. "Nimeshatabasamu mpaka mashavu yanauma."

"Ni lenzi, Dada. Walinipa isiyofaa."

"Walikupa, au uliomba?"

Milimita akaanza kuifuta lenzi. Alijua dawa ni kurudi dukani akabadilishe, lakini kurudi maana yake ni kueleza kwa nini. Mficha maradhi, walisema wahenga, na mwisho wa methali hiyo kila mtu anaujua. Yeye alitafuta njia ya kuuzunguka, na kwa bahati mbaya akaipata kwenye ufundi wake mwenyewe. Angeling'oa lile dirisha. Mwanga ungemwagika kitandani, naye angesimama uani, mbali kadiri lenzi inavyotaka.

Kesho yake, mkewe alipokwenda kazini, alitoka nje na drili. Akafungua skrubu, akakata ile gundi nyeupe pembeni, akaishusha fremu nzima pamoja na vioo vyake. Dada alipoona jua limeingia mpaka magotini pake na kichwa cha mdogo wake kimechomoza pale palipokuwa na dirisha, alipasuka kwa kicheko.

"Kamera imekushinda, sasa unabomoa nyumba!"

Alicheka mpaka akakohoa, kichwa nyuma, meno yote nje. Ndicho kile kicheko walichokuwa wakikitafuta. Milimita alikuwa na fremu mikononi, na kamera ilikuwa chini, juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Subiri, Dada! Usimalize!"

Akaegemeza fremu ukutani, akainyakua kamera, akarudi hatua sita, saba, nane, hadi kwenye uzio. Akaweka jicho. Loo, ile lenzi! Dada alikuwa pale pale, mkubwa, safi, kana kwamba ungempangusa jasho. Mdomo wake ulikuwa wazi bado, meno yanaonekana, na mkono ameuinua kuelekea kwake.

"Hivyo hivyo!" Milimita alipiga kelele kwa furaha. "Hivyo hivyo, Dada! Usishushe mkono!"

Alipiga picha kumi na moja. Kisha mkono ukashuka na kichwa kikalala juu ya mto, naye akaona amechoka, apumzike kidogo. Alisimama juani akizitazama picha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, moja baada ya nyingine, moyo umejaa. Akazunguka nyumba, akafuta viatu mlangoni asimpelekee vumbi, akaingia na kamera mbele yake ili amwonyeshe. Dada alikuwa amekwisha kwenda.

Wiki mbili baada ya maziko alizipeleka picha kwa mtu wa studio achague iliyo nzuri na kuikuza. Yule bwana alizifungua kwenye kompyuta, kubwa kama mlango wa kabati. "Huyu mama kacheka kweli," alisema, akaanza kubonyeza kutoka ya kwanza kwenda ya pili, ya tatu, harakaharaka. Milimita akaona. Kiganja kilikuwa kimetazama chini. Vidole vinakunjuka, vinakunjika, vinakunjuka, vinakunjika. Macho hayakuwa yanacheka kabisa, yalikuwa yamekodoka yakimtafuta mtu. Na mdomo ulikuwa wazi kama wa mtu anayetafuta pumzi asiipate.

Alimwomba yule bwana aikate picha chini ya shingo. Uso peke yake, kwa asiyejua, umetoka vizuri, uko sebuleni mpaka leo, na wageni husema marehemu alikuwa mtu wa furaha. Milimita huitikia kwamba ndiyo, alikuwa mtu wa furaha, kwa sababu ni kweli. Mkewe alichukua miezi kumfanya aseme kwa nini kila akipita pale hugeuza uso, na siku aliposema, alisema huku analia kama mtoto.

"Aliniita mara kumi na moja," alisema. "Na mimi nilikuwa namwambia asishushe mkono."