Soko la Pande Mbili za Barabara

Barabara ilipokwisha kupanuliwa huku kwetu Mjambere, tulipata lami nzuri, mitaro ya simiti, na taa ambazo baadhi yazo huwaka. Tulichokosa ni soko. Vibanda vyetu viliondolewa siku tingatinga la kwanza lilipofika, na kwa muda wa miaka miwili hivi kila mtu akawa anauza barazani kwake. Mimi nilipanga nazi zangu mlangoni. Mnunuzi aliyetaka nazi, samaki na vitunguu ilimbidi apige hodi nyumba tatu katika vichochoro vitatu. Wengi walichoka, wakawa wanakwenda soko la Kongowea.

Soko lile la zamani halikuwa la serikali. Lilikuwa letu. Tulilifagia wenyewe kwa zamu, tulimlipa mlinzi wenyewe, na ugomvi tuliuamua wenyewe, wakati mwingine kwa kelele. Hakukuwa na aliyegawa nafasi. Mtu alikuja na meza yake, akaona pengo, akakaa. Ndivyo nilivyokaa mimi, mtu wa Likoni niliyeoa Kisauni, ubavuni mwa mama mmoja wa viazi aliyetoka Kitui. Tukakaa hivyo miaka kumi na mitatu.

Mama yule alikuwa na ulimi. Mteja akisimama kwangu, yeye alimwambia bila kugeuka, "Itikise hiyo nazi kwanza. Mzee huyu anauza maji." Nami nilimjibu kwamba watu wa bara hawajui nazi, kazi yao ni kuchemsha kila kitu mpaka kitubu. Alisema watu wa pwani hata wakikimbizwa na nyuki hukaa kwanza wakanywa chai. Wateja walicheka, na wakicheka walinunua. Asije mtu akafikiria mengine. Mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wameoa na kuolewa, na maneno mengi niliyosema kwa siku niliyasema na mama huyu. Vibanda vilipoondolewa, kilichonikaa moyoni hakikuwa biashara. Kilikuwa ni ule ukimya.

Habari ilipoenea kwamba ofisi ya wadi imekubali tutumie ukanda wa ardhi uliobaki kandokando ya lami, alinijia barazani. Alikataa kiti, akasimama na mkoba wake kwapani.

"Mzee, kaka yangu amepata chumba cha duka kule kwetu," alisema. "Anataka niende nikakiendeshe. Nimemwambia anipe mwezi mmoja tangu siku soko litakapofunguliwa. Likishika, nakaa. Lisiposhika, nimeenda."

"Na wewe mwenyewe wataka lipi?"

"Mimi nataka kukaa. Nimeishi hapa miaka mingi kuliko nilivyoishi kwetu. Huko nitaanza kujuana na watu upya, na umri huu sina nguvu hizo."

"Basi litashika," nilimwambia. "Inshallah litashika."

Nilisema hivyo kwa kujiamini kwa sababu kamati ilikuwa imenipa mimi kazi ya kupanga nafasi. Kabla ya nazi nilikuwa karani wa ghala bandarini, na kazi ile ilinilea kuamini kwamba kila kitu kina mahali pake: mchele na mchele, saruji na saruji, na chochote kisicho na safu ni hasara inayongoja kutokea. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikageuza upande wa nyuma, nikapiga mistari kwa rula. Upande wa msikiti niliweka samaki, nazi, ndimu, mahamri, mihogo na viungo. Upande wa pili wa barabara niliweka viazi, kabichi, maharagwe, vitunguu, mayai na mitumba. Mnunuzi angejua moja kwa moja aende wapi. Niliitazama ile karatasi jioni nzima nikiisifu. Wallahi nilikuwa na furaha.

Mkutano ulifanyika katika darasa la chekechea, watu wazima tumejikunja juu ya viti vidogo. Nilibandika karatasi yangu ukutani, nikaeleza, watu wakaitikia kwa vichwa. Mama wa viazi aliinua mkono.

"Mzee, hapo nina swali. Huo upande wa msikiti wote ni watu wenu. Na huu wetu wote ni wa kanisa. Ijumaa adhuhuri nani atabaki kwenu? Na Jumapili asubuhi nani atabaki kwetu?"

Lilikuwa swali zuri, na mtu mwenye akili zake angelijibu kwa adabu. Lakini mimi nilikuwa nimeshaipenda karatasi yangu. Na pia, niseme ukweli, sikupenda kuulizwa mbele ya watu.

"Dadangu," nilisema, "hapa twapanga soko. Hatupangi msikiti wala hatupangi kanisa. Wewe panga viazi vyako, mambo ya safu tuachie tunaojua kuhesabu."

Watu walicheka. Naye alicheka kidogo, akakaa.

Soko likafunguliwa Jumatatu. Siku nne za mwanzo zilikuwa za raha. Watu walikuja hata wasio na haja ya kununua, wakapita katikati wakisalimiana, shikamoo huku, habari za siku nyingi kule. Wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Bamburi walishuka kwenye gari lao wakiwa bado na vumbi, wakaondoka na mboga ya nyumbani. Mimi nilipewa kibanda cha mwisho cha upande wetu, penye mtaro, nami nikakaa hapo nikitazama safu zangu zilivyonyooka. Kasoro moja tu: yule mama alikuwa ng'ambo. Tukitaka kutaniana ilibidi tupige kelele juu ya bodaboda, na utani wa kupigiwa kelele haunogi.

Ijumaa ilipofika, adhana ilitoka, na upande wetu wote ukasimama mara moja. Wanaume tukaenda msikitini. Wanawake wakafunika samaki na mahamri yao wakarudi nyumbani kuswali na kutazama vyungu, maana Ijumaa watoto hutaka pilau. Tulifunika bidhaa kwa magunia na kanga, tukaweka mawe juu. Hapakubaki mtu. Waliokuja kununua wakaona upande mmoja una watu wenye kabichi na upande mwingine una magunia. Kabichi bila nazi wala samaki si chakula cha huku. Wakaenda zao.

Jumapili ikawa zamu ya ng'ambo. Walifunga bidhaa wakaenda kanisani tangu asubuhi, na kanisa lao si la saa moja. Mbuzi wa mtaa, ambao hawana dini, wakaingia kwenye kabichi. Sisi tuliwaona. Wawili watatu walipiga kelele wakiwa wamekaa. Kuvuka barabara kwa ajili ya kabichi ya mtu aliye mbali nawe ni jambo ambalo kila mmoja hudhani mwenzake atalifanya.

Zamani haikuwa hivyo, na sababu ilikuwa mbele ya macho yangu miaka kumi na mitatu nisiione. Tulikuwa tumechanganyika kwa bahati tu, huyu wa pwani, yule wa bara, huyu wa msikiti, yule wa kanisa. Ijumaa nilisimama nikamwambia jirani yangu, "Niangalizie," nikaenda. Naye alivuta kigoda chake hatua moja tu, akawa anauza viazi kwa mkono huu na nazi kwa mkono ule. Jumapili nami niliuza viazi vyake, na nilijua vipi ni vya chipsi na vipi ni vya mchuzi. Soko lilikuwa halilali siku yoyote, na hapana mtu aliyejua kwamba hilo ndilo lililolifanya soko. Nami kwa rula yangu nilikuwa nimelipasua katikati.

Lakini sikuyaona hayo Ijumaa ya kwanza, wala ya pili. Nilipoambiwa wateja wanapungua, nililaumu jua. Kisha nikawalaumu wanawake kwa kukawia majumbani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ijumaa ya tatu nilitoka msikitini mapema kidogo, nikawa narudi na viatu bado sijavivaa sawasawa. Kwa mbali niliona kunguru wamejaa juu ya meza ya samaki. Walikuwa wamelivuta gunia, na mmoja alikuwa amesimama juu ya kichwa cha samaki aina ya changu akimla jicho. Na mama wa viazi alikuwa katikati ya barabara. Alishika ufagio, leso imemlegea, lori limemsimamia kwa honi, naye amelinyooshea dereva kiganja kumwambia ngoja. Akavuka. Akawapiga kunguru kwa ufagio, akalivuta gunia, akalirudishia jiwe. Nyuma yake, ng'ambo, viazi vyake vilikuwa peke yake. Kisha akangoja mwanya wa magari, akarudi kwake.

Hakuniona. Mimi nilimwona, na pale pale nilijua kila kitu. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu lenyewe. Kupanga vibaya ni jambo la binadamu. Lakini kutoka Ijumaa ile nilikaa wiki nzima nikijua, nikanyamaza. Nilijiambia nangoja mkutano wa kamati. Nilijiambia nitafute namna ya kuligeuza jambo lionekane kama wazo jipya. Kila asubuhi alinipungia mkono kutoka ng'ambo, nami nilipunga, nikainamia nazi zangu.

Wiki iliyofuata nilisimama katika darasa lile lile la chekechea, nikaibandua karatasi yangu ukutani, nikasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu, niliulizwa swali la maana nikalijibu kwa jeuri, na aliyeuliza alikuwa amenishinda kuhesabu. Hapana aliyecheka. Mama mmoja wa mahamri alisema, "Basi kila mtu arudi kwa jirani yake wa zamani, na wapya wajichanganye." Ilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kesho yake tulihamisha meza, zikavuka barabara huku na huku, ya mama wa viazi ikaja kuliani kwangu, na soko likawa halina safu hata moja ya kueleweka. Lilikuwa baya kulitazama.

Lilishika. Ijumaa ile ile lilishika. Nilipotoka msikitini nilikuta watu wamejazana pande zote mbili, samaki wanauzwa na kijana wa mitumba aliyekuwa akiwashika kwa ncha za vidole, na mama wa viazi ameketi kwenye kigoda changu akimwambia mteja aitikise nazi. Nilikaa kando yake nikacheka peke yangu. Nilikuwa na furaha kuliko ile ya jioni ya rula.

Alimaliza na mteja, ndipo akaniambia.

"Mzee, mimi Ijumaa ijayo nasafiri."

"Waenda kutembea?"

"Naenda kabisa. Wiki ile iliyopita kaka alinipigia simu kuuliza soko limeshika ama halijashika. Nikamwambia halijashika. Nikampa neno langu. Ameshapaka duka rangi."

"Mpigie. Mwambie limeshika."

"Nimempa neno, mzee."

Nilimjua. Huyu alikuwa mtu ambaye akikuambia viazi vizuri vitakuja Jumatano, hukupanga kitu kingine Jumatano. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua tangu Ijumaa ya kunguru, kwamba siku ile anapigiwa simu mimi nilikuwa ng'ambo nikiinamia nazi. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Nilimwambia Jumapili, aliporudi kanisani akakuta nimemuuzia nusu gunia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangua viazi vilivyoota.

"Ungesema siku ile, ningekaa," alisema. Hakusema kwa hasira. Akanipa viazi viwili vikubwa nikapike.

Ijumaa yenyewe alikuwa ameshagawa meza yake na mizani yake, na kuliani kwangu palibaki patupu. Begi lake lilikuwa chini, kando ya kigoda. Basi lake lilikuwa la saa nane. Nilimwambia sitakwenda msikitini, nitaswali adhuhuri nyumbani, nimsindikize mpaka stendi. Akanikaripia.

"Wewe nenda kaswali. Si nipo?"

Nikaenda. Sikumbuki hotuba ilihusu nini. Imamu alipotoa salamu sikungoja hata sunna, nikatoka mbio mbio, mzee mzima. Nilimkuta amesimama, begi begani, anamrudishia mteja chenji yake. "Mwenyewe huyu," alimwambia mteja. Alikifuta kigoda kwa ncha ya leso, akanionyesha nikae. Tukapeana mikono. Nilisema, "Nisamehe." Akasema yameisha, akaniambia nisiuze nazi za maji, akaushuka ukingo wa mtaro.

Mteja mwingine alikuwa ameshasimama mbele yangu akitaka nazi mbili zivunjwe. Nilimwona mama akingoja magari yapite. Nilitaka kumfuata, angalau nimbebee begi mpaka stendi, ni mwendo wa dakika kumi tu. Niliinuka. Upande wangu wa kushoto ni mtaro. Nikageuka kulia nimwombe jirani anikalie.