Khanga ya mama mkwe kwenye barafu

Jamani, leo mama mkwe wangu kasimamisha mazoezi ya Mhispania!

Tulimpeleka binti yangu kujifunza kuteleza kwenye barafu. Kumbe yupo kijana wa Hispania, anajiandaa kwa mashindano yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Akaruka, akaanguka puu! Akainuka, akamaliza.

Mama mkwe akapiga vigelegele, akavua khanga ya begani, akamtandikia barafuni apite juu yake kama bwana harusi.

Na viatu vyenye vyuma vile!

Kocha wake akapiga kelele. Kijana akasimama, akaiokota.

"Kwa nini mimi? Si nimeanguka?"

Nikamtafsiria mama.

"Mwambie siku akishinda, wa kumshangilia watakuwa wengi."

Nikamwambia kijana. Akajifunga khanga kiunoni, akarudia kuruka.

Akaanguka tena.

Khanga kaondoka nayo. Hivi mnadhani ataivaa mashindanoni?